Kununua Printa ya Nyumbani: Bei ya Dukani na Bei ya Wino

(Mazungumzo ya Katibu wa Kikundi siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10, mbele ya wanachama na wageni waalikwa. Yamechapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa marekebisho machache.)



Miaka 10 si mchezo. Tulianza wanawake 18 katika kibaraza cha mwenyekiti wetu wa kwanza, kila mmoja na shilingi 2,000 yake ya hisa mkononi, na kisanduku cha bati chenye makufuli matatu ambacho fundi alitutengenezea tukamlipa baadaye. Wale wa mwanzo mtakumbuka kwamba deni la kwanza la kikundi hiki lilikuwa deni la kisanduku chenyewe.

Wenzangu watazungumza juu ya historia na juu ya mfuko wa jamii. Mimi kamati imenipa jambo dogo, na nadhani wamenipa makusudi. Wameniambia, Katibu, wewe zungumza juu ya printa.

Sababu ni hii. Tangu mzunguko huu uanze, yameletwa maombi manne ya mkopo wa kununua printa ya nyumbani. Mmoja ni mwalimu, anataka kuchapa mitihani ya watoto wa masomo ya jioni. Wa pili anatengeneza kadi za michango ya harusi. Wa tatu watoto wake wanaletewa kazi za shule kwenye simu ya baba yao na zinatakiwa zichapwe. Wa nne ameandika neno moja tu, "biashara". Kamati ikakaa na maombi hayo wiki tatu bila kusema ndiyo wala hapana, kwa kuwa kila aliyekuwa mezani aliikumbuka printa ya kwanza iliyonunuliwa kwa fedha za kisanduku hiki. Na printa hiyo ilikuwa yangu.

Basi nitaieleza habari yake yote leo, maana wageni hawaijui, na wanachama wapya mmeisikia vipande vipande kwenye foleni ya maji.

Ilikuwa mwaka wetu wa nne. Nilikopa shilingi 500,000. Nikanunua laptopu ya mtumba kwa 320,000 na printa mpya, imo ndani ya boksi lake na nailoni yake, kwa 145,000. Zilizobaki nikanunua rimu mbili za karatasi na kulipa bodaboda. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu vizuri sana, jamani. Pale steshenari ya barabarani walikuwa wanatoza shilingi 200 kwa ukurasa mmoja. Nikasema, mtaani kwetu vijana kila siku wanachapa barua za kuomba kazi, wanafunzi wanachapa notisi, akina mama wanachapa mihtasari ya vikundi vyao. Wakija kwangu watu 10 kwa siku, kila mmoja kurasa tatu, hiyo ni shilingi 6,000 kila siku inayoingia huku mimi nimekaa nyumbani naangalia maharage jikoni. Kwa miezi sita mkopo umekwisha.

Na wateja walikuja kweli. Hapo ndipo palipokuwa na msiba wenyewe.

Wino uliokuja ndani ya boksi uliisha kabla ya wiki mbili. Nikadhani mashine ni mbovu, nikairudisha dukani nimeibeba kichwani. Kijana wa pale akacheka kwa adabu, akasema, "Mama, huo ni wa kuanzia tu." Akaniuzia katriji mpya ya wino mweusi kwa shilingi 48,000. Nikalipa. Ikaisha. Nikanunua nyingine. Ikaisha. Nilinunua katriji nne, na kila nilipokuwa nikienda kununua nilijiambia kwamba ndivyo biashara ilivyo mwanzoni, lazima itoke kwanza ndipo irudi.

Marejesho ya mwezi wa tatu nikalipa nusu. Mwezi wa nne sikulipa kitu, nikapigwa faini, na faini nayo nikaikopa.

Sasa mnaijua katiba yetu. Kila mkopo una wadhamini wawili, na mdhamini haruhusiwi kukopa ikiwa deni alilolidhamini limechelewa. Mmoja wa wadhamini wangu anauza nyanya sokoni. Ameniruhusu niseme habari hii, jina lake nalihifadhi, ingawa nyote mnajua nani anauza nyanya. Mwezi ule ule yeye alikuwa ameomba mkopo wa ada ya chuo cha binti yake. Mweka hazina alifungua daftari, akalitazama, akalifunga. Hakusema neno. Mwenzangu akaelewa, nami nikaelewa, na chumba kizima kikaelewa.

Jioni yake alikuja nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kunisema, nikaanza kulia kabla hajaketi. Yeye akauliza, "Hiki kikopo cha wino umekinunua bei gani?" Nikamwambia 48,000. Akauliza tena, "Kinatoa mafungu mangapi?"

Mafungu! Kwa sababu yeye anajua tenga la nyanya. Akinunua tenga, jambo la kwanza ni kujua litatoa mafungu mangapi barazani, ndipo aseme fungu moja auze bei gani. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilikuwa sijawahi kujiuliza swali hilo. Tukalitafuta lile boksi la katriji, tukaligeuza, na pembeni kwa maandishi madogo kama mchwa tukaona: kurasa 120.

Chukueni kalamu kama mnazo. Shilingi 48,000 gawa kwa 120 ni shilingi 400. Huo ni wino tu wa ukurasa mmoja. Rimu ya karatasi ina karatasi 500, mimi nilinunua kwa 14,000, kwa hiyo karatasi moja ni shilingi 28. Jumla 428. Nami nilikuwa nauza kwa 200. Maana yake kila mteja aliyeingia mlangoni kwangu na kusema "Shikamoo mama, nachapa ukurasa mmoja," nilikuwa namkaribisha kiti, namchapia, kisha namsindikiza na shilingi zangu 228. Katriji moja ilinipotezea zaidi ya shilingi 27,000. Katriji nne, zaidi ya 109,000. Kadiri wateja walivyozidi kunipenda ndivyo nilivyozidi kufilisika.

(Hapa wanachama walicheka sana. Nami nilicheka, lakini siku ile hakucheka mtu.)

Niliuza laptopu kwa hasara, nikauza na kuku, deni likaisha miezi minne baada ya tarehe yake. Mwenzangu alipata mkopo wake mzunguko uliofuata. Binti yake alikaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama yake kupanga nyanya, ndipo akaenda chuo. Leo ni muuguzi, mnamjua, lakini ule mwaka ni wake na mimi ndiye niliyeuchukua.

Basi hilo swali la mafungu ndilo nataka kila mwombaji alijibu kabla kamati haijatia saini. Wino wake mmoja unatoa kurasa ngapi, na bei ya wino huo ni kiasi gani hapa hapa mjini kwetu, si Dar es Salaam. Bei ya printa iachwe kwanza.

Wengi mtauliza, kwa nini mashine yenyewe iwe rahisi na wino uwe ghali? Hakuna siri. Wenye viwanda hawategemei faida kubwa kwenye zile printa ndogo, wanajua ukishainunua utarudi kwao kila mwezi kwa ajili ya wino, tena wino wa aina ile ile tu, kwa sababu katriji ya mashine nyingine haiingii. Nyingine zina kijidude cha umeme kinachoweza kuikataa katriji isiyo ya kiwanda chao. Ni kama mtu akuuzie jiko kwa bei ya kutupa, kisha mkaa wake uuzwe na yeye peke yake.

Kwa kifupi, printa zinazofaa nyumbani ni za namna tatu, nami nitakaa zaidi kwenye ile ambayo watu wa hapa wanaiuliza.

Ya kwanza ni hiyo ya katriji ndogo za wino, niliyoinunua mimi. Sisemi haifai kabisa. Inafaa kwa mtu anayechapa kidogo sana lakini mara kwa mara, mwenye haraka, asiyeuza. Katriji zake nyingi ndogo zimeandikwa kurasa 100 au 120. Ziko kubwa zaidi za mashine hizo hizo, unalipa zaidi lakini kurasa zinaongezeka sana, kwa hiyo ulizia hiyo kubwa kwanza. Na uliza jambo jingine: wino wa rangi ukiisha, je, itakubali kuchapa maandishi meusi? Ziko zinazogoma. Mtu ana wino mweusi tele, ana barua moja ya mistari mitano, na mashine inadai rangi ya manjano.

Ya pili ni ya leza, inayotumia unga wa tona badala ya wino. Unga huo unashikizwa kwenye karatasi kwa moto, ndiyo maana karatasi hutoka ina joto kama chapati. Uzuri wake ni kwamba tona haikauki. Hata ukisafiri miezi miwili kwenda kumwuguza mama, ukirudi inachapa. Tona ya HP iitwayo 85A, ambayo mafundi wengi wanaijua, imeandikwa kurasa 1,600. Tona halisi bei yake inatisha, lakini mafundi wa mjini huijaza tena. Mimi niliwahi kujaziwa kwa 25,000 na ilichapa vizuri mara mbili, mara ya tatu ikaanza kuacha mistari myeusi pembeni. Kwa mwalimu mwenye mitihani isiyo na rangi, leza nyeusi tupu ni mashine nzuri, hata ikiwa imetumika. Ila kama ni ya mtumba, mwambie muuzaji aitoe ile karatasi ya taarifa za mashine, mara nyingi inaonyesha imekwisha kuchapa kurasa ngapi tangu izaliwe. Muuzaji asiyetaka kuitoa, mwache na mashine yake.

Ubaya wake ni umeme. Kwa sababu ya ule moto, leza ikianza kuchapa inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, wakati printa ya wino inatumia kiasi kidogo tu kama taa moja au mbili. Kama nyumba yako ina nyaya za zamani utaona taa zinafifia kila karatasi inapopita. Na wale wenye sola ndogo ya taa na simu, msijaribu, mtaua betri. Umeme ukikatika karatasi ikiwa katikati, usiivute kwa hasira. Zima, chomoa, fungua mlango wake, subiri ipoe, kisha ivute taratibu kuelekea upande inakokwenda.

Ya tatu ni ya matangi. Hii ndiyo inayoulizwa, na ina historia inayonifurahisha kwa sababu ilianzia kwa watu kama sisi. Huko Indonesia watu walichoka na bei ya katriji. Mafundi wa mitaani wakawa wanazirekebisha printa za wino, wanaziunganishia mipira myembamba na kuweka chupa za wino nje. Kampuni ya Epson ikaliona jambo hilo, na mwaka 2010 ikatoa, huko huko Indonesia kwanza, printa yake yenyewe yenye matangi ya kujaza kwa chupa. Baadaye Canon, HP na Brother nao wakatoa za kwao. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba fundi wa mtaani hana akili, wakumbusheni habari hiyo.

Chupa ya wino mweusi ya Epson iitwayo 003 ina mililita 65 na imeandikwa kurasa 4,500. Tuseme umeinunua kwa shilingi 35,000. Gawa. Ni kama shilingi nane kwa ukurasa. Kutoka shilingi 400 mpaka nane! Nilipoipata hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Lakini tulieni kwanza, msianze kuandika maombi. Hizo kurasa zinazoandikwa kwenye boksi zimepimwa kwa kurasa za maandishi ya wastani. Watu wa kazi hii huhesabu kwamba barua ya kawaida wino wake unafunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Mtihani wa darasa la pili wenye picha ya tembo mweusi nusu ukurasa utakula zaidi. Kadi ya harusi yenye maua kutoka pembe hadi pembe utakula mara nyingi zaidi, hilo mwenzetu wa kadi alitie akilini. Tena zile chupa za kwanza kabisa zinatoa kurasa pungufu, kwa sababu sehemu ya wino inabaki ndani kujaza mipira.

Kisha mashine yenyewe ni ghali. Tuseme 600,000. Sasa mtu anayechapa steshenari kwa 200, akiwa na printa hiyo atalipa wino shilingi nane na karatasi 28, kwa hiyo anaokoa shilingi 164 kila ukurasa. Ili 600,000 zirudi, lazima achape kurasa zaidi ya 3,650. Yule mwenzetu wa kazi za shule nimekaa naye, tumehesabu pamoja, watoto wake watatu hawazidishi kurasa 20 kwa mwezi. Ni kurasa 240 kwa mwaka. Printa hiyo italipa gharama yake baada ya miaka 15! Watoto watakuwa na watoto wao. Nilimwambia wazi, dada yangu, wewe usinunue printa yoyote, wewe tenga shilingi 4,000 za steshenari kila mwezi na ule mkopo uombe kwa ajili ya cherehani uliyokuwa ukiisema. Alininunia siku mbili. Wiki iliyopita amebadilisha ombi.

Mwalimu yeye ni habari nyingine. Anachapa kurasa 300 kwa mwezi, na ana daftari la kuthibitisha. Kwa hesabu ile ile, fedha yake inarudi baada ya mwaka na siku chache. Huyo kamati imkopeshe, kwa maoni yangu.

Wa biashara bado hajanipa daftari lake. Namsubiri.

Sasa wengine mmeshaanza kunong'ona, kwamba Katibu anatuambia tusinunue na yeye nyumbani kwake printa iko. Ni kweli iko. Lakini si yangu peke yangu. Miaka miwili iliyopita tulijikusanya wanachama wanne wa mtaa mmoja, kila mmoja akatoa 150,000 kutoka kwenye mgawo wa mwisho wa mwaka, bila mkopo, tukanunua ya matangi, yenye skana na inayopokea kazi kutoka kwenye simu kwa waifai. Inakaa kwangu kwa sababu nyumba yangu haivuji. Pembeni yake kuna daftari lililofungwa kwa kamba na kopo la maziwa. Anayechapa anaandika jina na idadi ya kurasa, anatumbukiza shilingi 50 kwa kila ukurasa. Karatasi kila mtu anakuja na zake. Hizo shilingi 50 zinanunua wino na zinazobaki tunamwekea fundi.

Nisiwadanganye kwamba tumeishi kwa amani tangu siku hiyo. Tuligombana mwezi wa pili tu, juu ya kadi za ubarikio za rangi, ambazo mwenzetu alizilipia shilingi 50 kama vile ni barua. Sasa rangi ni 200, na picha ya ukurasa mzima ni 500. Tuligombana pia Desemba, tuliposafiri wote wanne, mashine ikakaa wiki sita bila kuguswa. Wino wa maji hukauka kwenye matundu. Tuliporudi ilikuwa inachapa mistari kama pundamilia. Ina njia yake ya kujisafisha, unaibonyeza, lakini kila ikijisafisha inakunywa wino, na uchafu wake unakusanywa kwenye sponji iliyo chini ndani, ambayo nayo siku moja itajaa na kudai kubadilishwa. Tulisafisha mara tatu ndipo ikakubali. Siku hizi kila Jumamosi, mtu asipochapa, mwanangu mdogo anachapa ukurasa mmoja wenye rangi zote. Tumempa cheo, anaitwa mganga wa printa.

Na msiipakie bodaboda. Naomba sana. Tulipoihamisha kwenda kuonyeshwa kwenye mkutano wa kata, tuliilaza ubavu ili ienee. Matangi yale hayapendi kulazwa. Tulifika na kiti cha pikipiki cha bluu, na suruali ya dereva ya bluu, na tukamlipa suruali. Printa ya matangi inabebwa wima, mapajani, kama sufuria ya pilau iliyojaa.

Vumbi la hapa kwetu mnalijua. Ifunikeni kwa kipande cha kanga kila mnapomaliza. Rimu iliyofunguliwa ibaki kwenye ganda lake, maana wakati wa masika karatasi inanyonya unyevu, inalegea, na zinaingia mbili mbili mpaka mashine inakwama. Watu wengi huilaumu printa, kumbe ni karatasi iliyolala dirishani.

Liko jambo la mwisho, nalo linakihusu kikundi chenyewe. Mpaka mwaka wa sita tulikuwa tunachapa orodha ya hisa na mikopo yetu steshenari. Siku moja mwanachama mwenzetu alinunua karanga stendi. Akafungua ile karatasi ya karanga, akaona jina lake. Chini ya jina lake, deni lake. Chini ya deni lake, majina ya wengine 11 na madeni yao, na neno "amechelewa" limepigiwa mstari. Ilikuwa ni nakala iliyotoka vibaya, ikatupwa, ikaokotwa, ikauzwa kwa kilo. Hatujui karanga ngapi zilifungwa kwa madeni yetu siku ile. Wanachama wawili walijitoa mwezi huo, na mmoja hajarudi mpaka leo, ingawa tumemwalika, na kiti chake kiko pale pale mnapokiona.

Kwa kurasa peke yake kikundi chetu hakihitaji printa. Hatufikishi kurasa 60 kwa mwezi. Ukipiga hesabu yangu ya mwanzo utasema tusinunue, na utakuwa sawa kabisa kwa fedha. Ila ile karatasi ya karanga haina hesabu ya kugawa kwa 120. Kwa hiyo mimi napendekeza kikundi kinunue leza nyeusi iliyotumika lakini iliyokaguliwa, kwa sababu yetu itakuwa inalala wiki tatu kati ya mikutano na wino wa maji ungekauka. Ikae kwa mweka hazina, na karatasi zilizoharibika zichomwe jikoni kwake siku hiyo hiyo, mbele ya mtu wa pili. Gharama itoke kwenye faini. Tangu nilipolipa zile zangu, mfuko wa faini haujawahi kuwa na afya namna ile.

Kamati italeta pendekezo hilo kwenye mkutano wa kawaida, mlipigie kura mkiwa mmeshiba na mmelala. Leo printa yetu ya wanne nimekuja nayo, nimeipakata kwenye bajaji kutoka nyumbani. Iko meza ile yenye kitambaa cha njano. Baada ya chakula, mwenye katriji au boksi la wino nyumbani kwake alilolileta kama tulivyotangaza, aje nalo tusome pamoja yale maandishi madogo. Mama wa nyanya atakuwa pale na kalamu, yeye ndiye anayegawa. Mimi nitashika boksi.